Mitamba wa Texas na Masihi Tunayemgombania

Septemba 2022 mitamba watano wekundu walisafirishwa kwa ndege kutoka Texas, Marekani, hadi Israeli. Waliowatafuta ni Wakristo wa kiinjili. Waliowapokea ni Wayahudi wanaotamani Hekalu lijengwe upya Jerusalem, mahali lilipo leo eneo la Al-Aqsa, na ambao kwa sheria yao wanahitaji majivu ya ng'ombe mwekundu ili kujitakasa kabla ya kuingia hapo. Januari 2024, vita vya Gaza vilipofikisha siku mia moja, msemaji wa tawi la kijeshi la Hamas naye aliwataja ng'ombe hao katika hotuba yake, akiwahesabu miongoni mwa vitisho dhidi ya Msikiti wa Al-Aqsa. Tangu hapo simu zetu hazijapumzika. Vipande vya video vimetafsiriwa kwa Kiswahili, vikatiwa muziki wa kutisha, vikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanakwaya na ya madrasa vilevile: mtu ameinama ubavuni mwa mtamba, anapekua manyoya ya shingo, anatafuta unyoya usio mwekundu. Chini ya picha kumeandikwa kwamba Masihi yuko mlangoni. Juni 2025, Israeli na Iran zilipopigana kwa siku 12, video zilezile zilirudi, safari hii zimeunganishwa na Ezekieli 38 inayoitaja Uajemi.

Katika mazungumzo yanayofuata video hizo nimesikia kauli mbili zikipokezana. Ya kwanza inasema dini zote tatu zinamsubiri mtu mmoja, tofauti ni majina tu. Ya pili inasema yule anayesubiriwa na Wayahudi ndiye Dajali wa Waislamu, yule mdanganyifu wa siku za mwisho, na ndiye Mpinga Kristo wa Wakristo. Zote mbili zinakosea, na zinakosea kwa sababu moja: zinadhani Masihi ni swali moja lililopewa majibu matatu. Nionavyo mimi, ni neno moja linalobeba maswali matatu. Myahudi anauliza dunia itatengenea lini, na tutajuaje kwamba imetengenea. Mkristo anauliza huyu aliyesulubiwa ni nani. Mwislamu anauliza ukweli kuhusu Isa bin Mariamu ni upi, baada ya wengine kumpandisha mno na wengine kumshusha mno. Asiyetofautisha maswali hayo hawezi kuelewa kwa nini mtamba mmoja anafurahiwa Texas, anabishaniwa Jerusalem na kuogopwa Gaza.

Tuanze na neno lenyewe, maana wasomaji wa Kiswahili tuna bahati hapa. Biblia yetu ya Union haikulificha. Katika 1 Samweli 24, Sauli anaingia pangoni Engedi bila kujua kwamba Daudi na watu wake wamejificha humo humo. Daudi anamkata upindo wa vazi, kisha moyo unamchoma, anasema hawezi kumnyoshea mkono masihi wa BWANA. Masihi huyo ni Sauli, mfalme aliyekuwa akimsaka amuue. Ukifungua Isaya 45 utamkuta Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua Mungu wa Israeli, naye akiitwa masihi. Neno lina maana ya aliyepakwa mafuta, yaani aliyewekwa wakfu kwa kazi. Wafalme na makuhani walipakwa, na hakuna aliyedhani kwamba kwa kupakwa huko mtu anakuwa zaidi ya mtu. Matumaini ya Masihi mmoja mkuu yalikua baada ya Wababeli kuubomoa Jerusalem mwaka 586 kabla ya Kristo, pale watu walipobaki na ahadi aliyopewa Daudi na kiti cha enzi kisicho na wa kukikalia. Wagiriki walipolitafsiri neno hilo wakasema khristos, na kwetu Kristo limekuwa kama jina la ukoo. Ndiyo maana Wakristo wengi husema "Yesu Kristo" maisha yao yote bila kuhisi kwamba wametamka hoja nzima, na hoja yenyewe ina mabishano ya miaka elfu mbili.

Myahudi akilisikia neno hilo, anawaza kazi kabla ya kuwaza mtu. Aliyelieleza hili kwa uwazi kuliko wote ni Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufia Misri mwaka 1204, rabi aliyekuwa tabibu wa wakubwa wa Cairo na aliyeandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu. Katika sheria zake za wafalme anasema tusidhani kwamba Mfalme Masihi lazima afanye miujiza au afufue wafu. Kipimo chake ni kingine. Akiinuka mfalme wa nyumba ya Daudi, akaisoma Torati, akawarudisha watu kwenye njia yake na kupigana vita vya Mungu, anadhaniwa kuwa ndiye. Akifanikiwa, akalijenga Hekalu mahali pake na kuwakusanya waliotawanyika, hapo ni hakika. Akishindwa au akiuawa, siye. Mfano anaoutoa ni Bar Kokhba, aliyeongoza uasi dhidi ya Roma kuanzia mwaka 132 hadi 135. Rabi Akiva, mwanazuoni mkubwa kuliko wote wa zama zile, alimkubali kuwa Masihi. Roma ilipomuua, kesi ikafungwa.

Hapa ndipo wahubiri wetu wengi wanapowadhulumu Wayahudi. Tumefundishwa kwamba walimkataa Yesu kwa ugumu wa moyo. Lakini kipimo walichotumia kwa Yesu ndicho kilichomwangusha Bar Kokhba, mpiganaji wao wenyewe, na ndicho kilichomwangusha Sabbatai Zevi wa Izmir, ambaye nusu ya Uyahudi ilimshangilia hadi mwaka 1666 aliposilimu mbele ya Sultani wa Uturuki. Watu waliochomwa hivyo mara kwa mara hujifunza tahadhari, na ipo kauli ya kale inayonasibishwa na Rabi Yohanan ben Zakkai: ukiwa na mche mkononi na ukaambiwa Masihi amefika, panda mche kwanza, kisha nenda ukamlaki. Tena Wayahudi hawako kundi moja. Wapo Wahasidi wa Satmar, Wayahudi washika dini wa msimamo mkali, wanaoliona taifa la Israeli lenyewe kuwa kosa, kwa kuwa watu wameukimbilia ufalme kabla ya Masihi kuja. Wapo wafuasi wa Rabi Kook wanaoliona kuwa mwanzo wa ukombozi. Wapo Wayahudi wa mrengo wa mageuzi ambao tangu karne ya 19 wanatarajia zama za haki kuliko mtu mmoja. Katika jamii ya Chabad, kundi jingine la Wahasidi, wapo waliomdhania rabi wao, Menachem Schneerson, kuwa ndiye Masihi, na hata alipofariki mwaka 1994 wengine hawakukata tamaa. Anayesema "Wayahudi wanamsubiri fulani" angepaswa kwanza kuulizwa ni Wayahudi gani.

Ukristo ulianzia ndani ya kipimo hicho hicho, kisha ukakipindua. Kaisaria Filipi, Petro anatamka kwamba Yesu ndiye Kristo, na Yesu anapoanza kueleza kwamba atateswa na kuuawa, Petro anamvuta kando na kumkemea. Petro hakuwa mjinga. Alikuwa bado ameshika kipimo cha baba zake: Masihi akiuawa, siye. Hata baada ya ufufuo, katika Matendo ya Mitume sura ya kwanza, wanafunzi wanauliza kama wakati ule ndipo atakapowarudishia Israeli ufalme. Imani ya Kikristo ilizaliwa pale watu hao walipofikia kuamini kwamba msalaba, uliotakiwa kufunga kesi, ndio ulioifungua. Wakaisoma upya Isaya 53, wakaigawa kazi ya Masihi mara mbili: kwanza msamaha wa dhambi, kisha ufalme atakaporudi. Myahudi atasema ujio wa mara mbili haumo katika maandiko ya manabii, na kwa kusoma kwake ana haki. Mkristo atajibu kwamba kaburi tupu limemlazimisha kusoma upya, na kwa imani yake naye ana haki. Wanabishana juu ya tukio, wakati sisi tunadhani wanabishana juu ya aya. Baadaye swali la Wakristo likahama kabisa kutoka alichofanya hadi yeye ni nani, na Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ukalijibu kwa maneno ambayo yangekuwa mageni kwa nabii yeyote wa Agano la Kale.

Kuna jambo jingine ambalo msharika wa kawaida hakuambiwa. Mengi yanayosambazwa kwa Kiswahili kama "Biblia inasema", yaani kunyakuliwa kwa siri, miaka saba ya dhiki, Hekalu la tatu kama alama ya lazima, hayakuwa mafundisho ya kanisa zima. Augustino, katika karne ya tano, aliisoma miaka elfu ya Ufunuo kama zama za kanisa zinazoendelea sasa. Ratiba ya kunyakuliwa ilipangwa karne ya 19 na mhubiri John Nelson Darby, aliyefariki mwaka 1882, ikatiwa katika maelezo ya pembeni ya Biblia ya Scofield iliyochapishwa Marekani mwaka 1909, na kutoka huko ikaja kwetu kwa mikutano ya injili na kwa televisheni. Mtu ana uhuru wa kuiamini. Asiinasibishe na Wakristo wote, kwa kuwa Wakatoliki, Waorthodoksi na Waanglikana wengi hawaishiki. Tume ya Biblia ya Vatikani iliandika mwaka 2001 kwamba kumngoja Masihi kwa Wayahudi si kazi bure. Sijawahi kusikia kauli hiyo ikitajwa mimbarini.

Uislamu unalichukua neno kwa njia ambayo wengi wetu, Waislamu kwa Wakristo, hatuitazami vizuri. Kurani inamwita Isa al-Masih mara 11, haimpi mwingine yeyote jina hilo, na haielezi mahali popote kwa nini anaitwa hivyo. Wafasiri wakatafuta maana: aliwapangusa wagonjwa wakapona, au alitembea nchi bila makazi, au alipanguswa kwa baraka. Kiti cha Daudi hakitajwi, wala kujengwa upya kwa Hekalu. Cheo kimebaki na heshima yake yote, ila ile kazi ya kifalme aliyoihesabu bin Maimuni imetoka ndani yake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, kuijaza dunia uadilifu baada ya kujaa dhulma, imekwenda kwa Mahdi, kiongozi mwongofu anayengojwa mwisho wa zama. Na Mahdi naye ana mjadala wake: hadithi zinazomtaja kwa cheo hicho zimo katika vitabu vya hadithi vya Abu Daudi na Tirmidhi, hazimo kwa jina hilo katika vile vya Bukhari na Muslim, na mwanahistoria Ibn Khaldun alizipitia sanadi zake, yaani minyororo ya wapokezi, moja moja akazitilia shaka nyingi. Kwa Shia Ithnaasheri, ambao misikiti yao ipo Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, Mahdi ni imamu wa kumi na mbili aliye katika ghaiba, yaani amefichika machoni pa watu, tangu mwaka 874, na kumngoja ni nguzo ya imani yao. Isa atateremka, inasema hadithi ya Sahihi Muslim, kwenye mnara mweupe mashariki ya Damascus, mikono yake juu ya mbawa za malaika wawili, naye atamfuata Dajali hadi lango la Ludi na kumuua hapo. Atavunja msalaba. Ataswali nyuma ya imamu wa Waislamu. Ukizitazama hadithi hizi kwa pamoja utaona kurudi kwake ni kwa ajili ya ushahidi: anakuja kusema mwenyewe yeye ni nani, ili ubishi juu yake ukome.

Ubishi huu umeishi ndani ya Kiswahili chenyewe. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili iliyofanywa na Waislamu ilitoka Nairobi mwaka 1953, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Waahmadiyya wanaamini kwamba Isa alikufa kifo cha kawaida, kwamba hatarudi yeye mwenyewe, na kwamba Masihi aliyeahidiwa ni Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, India, aliyefariki mwaka 1908. Kaluta Amri Abedi, mshairi tunayemsoma hadi leo na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alikuwa wa jumuiya hiyo. Masheikh wa pwani hawakunyamaza. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliipinga waziwazi tafsiri hiyo, na tafsiri yake kamili ikatoka mwaka 1969. Kwa hiyo mojawapo ya tafsiri tunazozithamini sana ilisukumwa kwa sehemu na swali la nani Masihi, na waliobishana wote walikuwa wakiswali kuelekea kibla kimoja.

Sasa tuzipime zile kauli mbili. Kauli kwamba ni mtu mmoja ina uzito wake. Wakristo na Waislamu wanakubaliana kwamba Masihi ni mwana wa Mariamu, kwamba alizaliwa na bikira, alifanya miujiza, yuko kwa Mungu na atarudi. Wawili hao wana mtu mmoja, na ni jambo kubwa linalostahili kusemwa mara nyingi zaidi kuliko linavyosemwa. Wanachotofautiana ni hadithi yake: mmoja anaanzia msalabani, mwingine anakana kwamba alisulubiwa. Lakini kauli hii inamsahau Myahudi kabisa, kwa kuwa Masihi wake hajazaliwa, au kama amezaliwa hajajulikana, na atakufa kama wafalme wanavyokufa. Anayesema wote wanamsubiri mmoja kwa nia ya kuleta amani, ameileta kwa kumnyang'anya Myahudi imani yake na kumpa ya jirani.

Kauli ya pili, kwamba wanamsubiri Dajali, ndiyo dhaifu zaidi, na ndiyo yenye sumu. Wanaoitetea huleta hadithi ya Sahihi Muslim kuhusu Wayahudi elfu 70 wa Isfahani watakaomfuata Dajali, na upande wa Wakristo huleta Yohana 5:43, mahali Yesu anaposema mwingine akija kwa jina lake mwenyewe, huyo watampokea. Hadithi inataja kundi la mahali fulani litakalodanganywa. Haisemi kwamba Dajali ndiye Masihi anayefundishwa na dini ya Kiyahudi, na hadithi nyingine zinawataja watu wa makabila mengi watakaodanganywa naye. Aya ya Yohana nayo haimtaji mtu kwa jina. Zaidi ya hayo, Dajali wa hadithi anadai uungu. Katika Uyahudi, mtu akidai kuwa Mungu ameshatoka kwenye mtihani siku hiyo hiyo, kabla ya kuulizwa ukoo wake. Na Wayahudi wana Dajali wao wenyewe: maandiko ya karne ya saba yanamtaja Armilo, mfalme mwovu atakayemuua Masihi wa ukoo wa Yusufu kabla ya kuangamizwa na Masihi wa ukoo wa Daudi. Watu wenye adui kama huyo katika vitabu vyao hawawezi kuambiwa kwamba ndiye wanayemwomba kila siku. Kauli hii imekuwa ikitumika kumfanya jirani kuwa askari wa shetani kabla hajafungua kinywa, na Ulaya iliitumia hivyo kwa karne nyingi.

Turudi kwa mitamba. Hesabu 19 inaagiza majivu ya ng'ombe mwekundu asiye na waa, asiyewahi kufungwa nira, yachanganywe na maji ili kumtakasa aliyegusa maiti. Ni sheria ya utakaso. Kwa kuwa majivu hayo hayapo, marabi wakuu wa Israeli wameweka tangazo kwenye lango la eneo la Al-Aqsa kuwakataza Wayahudi kuingia, wasije wakakanyaga patakatifu wakiwa najisi. Wanaharakati wa Hekalu wanatafuta mtamba ili kizuizi hicho kiondoke. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inasema manyoya mawili ya rangi nyingine yanatosha kumbatilisha ng'ombe, na bin Maimuni anahesabu kwamba ng'ombe tisa waliandaliwa tangu Musa hadi Hekalu la pili kubomolewa, na wa kumi ataandaliwa na Mfalme Masihi. Soma hapo tena: Masihi ndiye atakayemwandaa ng'ombe. Wanaomwandaa ng'ombe ili Masihi aje wamegeuza mpangilio wa mwalimu wao. Wakristo wanaowashangilia wana shida kubwa zaidi, kwa kuwa Waebrania 9:13 inayataja majivu hayo hayo ya ndama kwa jina na kusema damu ya Kristo imeyapita. Mkristo anayechangia fedha ili majivu yarudi anachangia kukanusha sura nzima ya Agano lake Jipya. Kwa upande wa Waislamu, ng'ombe wa Suratul Baqara ni wa manjano, na kisa chake ni kingine kabisa.

Hofu ya Wapalestina kuhusu Al-Aqsa, hata hivyo, naielewa, na haihitaji Dajali ili iwe ya kweli. Utaratibu uliopo tangu 1967 unaiacha Wakfu ya Kiislamu isimamie eneo, na wasio Waislamu waingie kama wageni bila kusali. Utaratibu huo unamomonyolewa na watu wenye majina, vyeo na ulinzi wa polisi. Hao wanaweza kuulizwa, kushitakiwa, kuwekewa vikwazo na kushindwa katika kura. Ukishasema ni unabii unatimia, umewaondolea wote hao lawama, kwa kuwa nani atamshitaki mtu kwa kutimiza unabii? Hasara hii sijui kama wasambazaji wa video wameifikiria. Nilipokuwa kijana nilisimama kwenye mihadhara ya dini uwanjani, spika zimeelekezwa mtaani, meza mbili zina Biblia na misahafu, msomaji anaamriwa "soma!" kisha "hapo hapo!", na kila upande unatoka na kitabu cha mwenzake kikiwa kimemshinda. Kwa miaka yote niliyohudhuria, sikuona mtu akimuuliza mwenzake anachokingoja ni nini hasa, na angetambuaje kwamba kimefika.

Ile Ludi ya hadithi ni mji halisi. Leo unaitwa Lod, na uwanja wa ndege wa Ben Gurion uko pembeni yake. Mahujaji wa Kikristo kutoka Dar es Salaam na Nairobi hutua hapo, wakapanda basi kwenda Jerusalem bila kuutazama. Julai 1948 makumi ya maelfu ya Wapalestina wa mji huo na wa Ramla jirani walifukuzwa, wakatembea kwa miguu kwenye jua kali kuelekea mashariki, na baadhi yao walifia njiani kwa kiu. Nyumba zao wakapewa Wayahudi wahamiaji, wengi wao wakiwa wameondoka nchi za Kiarabu wakiacha za kwao. Waarabu na Wayahudi wanaishi humo hadi sasa, na Mei 2021 walipigana mitaani, magari na masinagogi yakachomwa moto. Katikati ya mji, kanisa la Mtakatifu George na msikiti wa al-Khidr vimejengwa vikigusana, juu ya magofu ya kanisa moja la kale. Asubuhi watu hupita hapo wakienda sokoni. Katika video zote nilizotumiwa kuhusu lango la Ludi, hakuna hata moja iliyowaonyesha.